Kiharusi mjini Stockholm: jinsi aina zake zilivyobadilika katika nusu karne

Mgonjwa wa kiharusi anapofikishwa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Karolinska mjini Stockholm, jambo ambalo madaktari hutaka kulijua kabla ya kumpa dawa ni aina ya kiharusi alichokipata. Je, mshipa wa damu ubongoni umeziba, au umepasuka? Jibu la swali hilo huamua karibu kila kitu kitakachofuata, kwani dawa inayoweza kumwokoa mgonjwa wa aina ya kwanza yaweza kumuua yule wa aina ya pili.

Swali hilo hilo, likiulizwa kuhusu jamii nzima na kwa miaka mingi, huonesha jinsi maradhi yanavyobadilika pamoja na maisha ya watu. Nchini Sweden kiharusi kimepungua katika miongo ya karibuni. Hata hivyo, hakikupungua kwa kiwango sawa katika aina zake zote wala katika marika yote. Wapenzi wasikilizaji, makala ya afya wiki hii yanaeleza mabadiliko hayo, yanachunguza sababu zake, na yanaangalia maana yake kwa miji ya Afrika Mashariki, ambako ugonjwa huu unawaangusha watu wangali katika umri wa kufanya kazi na kulea watoto.

Ugonjwa mmoja, aina tatu

Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inapokosa damu ghafla, au inapoharibiwa na damu iliyovuja. Seli za ubongo haziwezi kuhimili ukosefu wa hewa ya oksijeni kwa muda mrefu, na kila dakika inayopita nyingi kati yake hufa.

Aina ya kwanza, na iliyo ya kawaida zaidi, ni kiharusi cha kuziba. Donge la damu huziba ateri inayopeleka damu ubongoni. Donge hilo laweza kuwa limetokea katika moyo ambao mapigo yake hayana mpangilio, au katika ateri ya shingo iliyojaa mafuta na kuwa nyembamba. Aina ya pili ni damu kuvuja ndani ya ubongo wenyewe, mara nyingi kutokana na shinikizo la damu lililozidhoofisha kuta za mishipa midogo kwa miaka mingi. Aina ya tatu ni damu kuvuja juu ya uso wa ubongo, chini ya utando unaoufunika. Hii hutokea aghalabu pale ateri iliyotuna mithili ya puto inapopasuka, na mgonjwa huhisi maumivu makali ya kichwa ambayo hajapata kuyahisi maishani mwake.

Nchini Sweden, takriban asilimia 85 ya viharusi ni vya kuziba, asilimia 10 ni vya damu kuvuja ndani ya ubongo, na asilimia 5 ni vya aina ya tatu. Kwa macho ya kawaida, hata daktari mzoefu hawezi kuitofautisha aina ya kwanza na ya pili kwa uhakika. Katika zote mbili mkono hulegea, mdomo huenda upande, na maneno hayatoki au hutoka bila ya kueleweka.

Kabla ya picha na baada yake

Kwamba kiharusi kina aina zaidi ya moja si habari mpya. Mwaka 1658 daktari wa Uswisi, Johann Jakob Wepfer, alieleza baada ya kuipasua miili ya waliofariki kwamba wengine walikuwa na damu iliyovuja ubongoni, na kwamba kuziba kwa ateri nako kungeweza kuleta madhara kama hayo. Lakini kwa zaidi ya miaka 300 baada ya hapo, ukweli huo ulithibitika zaidi kwa maiti kuliko kwa mgonjwa aliye hai.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1971 mjini London, pale mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT, iliyobuniwa na mhandisi wa Uingereza, Godfrey Hounsfield. Hesabu zilizo msingi wa picha za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kushughulikiwa na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kulifikiria suala hilo alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Mwaka 1979 Taasisi ya Karolinska ya Stockholm iliwatunuku wote wawili Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Jambo hili ni muhimu kwa yeyote anayezisoma takwimu za zamani. Kabla ya mashine ya CT kuenea, mtu aliyevuja damu kidogo ubongoni na kupona aliweza kuandikwa kuwa na kiharusi cha kuziba. Yule aliyevuja damu nyingi na kufariki ndiye aliyejulikana kwa hakika, iwapo mwili wake ulipasuliwa. Kwa hiyo, sehemu ya mabadiliko yanayoonekana katika orodha za miaka ya 1970 na 1980 si mabadiliko ya ugonjwa, bali ni ya uwezo wa kuuona. Ndiyo maana wataalamu huyapa uzito zaidi matokeo ya miaka iliyofuata, wakati karibu kila mgonjwa alipokuwa akipigwa picha.

Taifa linalohesabu

Sweden ina desturi ya muda mrefu ya kuwahesabu watu wake. Tangu mwaka 1749 makasisi wa parokia walitakiwa kupeleka serikalini idadi ya waliozaliwa na waliofariki, pamoja na sababu za vifo. Mwaka 1947 kila mkaazi alianza kupewa namba yake ya utambulisho. Kuanzia mwaka 1987 daftari la wagonjwa waliolazwa hospitalini lilienea nchi nzima. Na mwaka 1994 lilianzishwa Riksstroke, daftari maalumu la kitaifa la kiharusi, linaloandika aina ya kiharusi, matibabu aliyoyapata mgonjwa, na hali yake baada ya kutoka hospitali.

Kwa sababu namba ya utambulisho ni moja tangu kuzaliwa hadi kufa, taarifa hizo zaweza kuunganishwa na kuchambuliwa. Idara ya Taifa ya Afya na Ustawi wa Jamii, Socialstyrelsen, yenye makao yake mjini Stockholm, huchapisha takwimu za kiharusi kutokana na madaftari ya namna hii.

Kiharusi chapungua

Hali haikuwa ya kutia moyo tangu mwanzo. Mwaka 1988 daktari Andreas Terént alichapisha matokeo ya utafiti wa Söderhamn, mji mdogo wa pwani ulioko kaskazini mwa Stockholm, yaliyoonesha kwamba kiharusi kilikuwa kikiongezeka miongoni mwa wanawake.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1991, yalitangazwa matokeo ya jaribio lililobadili mwenendo wa zahanati za nchi hiyo. Wazee 1,627 wenye umri wa miaka 70 hadi 84, wote wakiwa na shinikizo la juu la damu, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa dawa za kushusha shinikizo na jingine vidonge visivyo na dawa. Katika kundi lililotibiwa watu 29 walipata kiharusi, na katika kundi la pili 53. Kabla ya hapo madaktari wengi walidhani kwamba shinikizo la juu ni jambo la kawaida uzeeni ambalo halifai kuguswa.

Tangu katikati ya miaka ya 1990, kiharusi cha kuziba kimepungua miongoni mwa wazee wa Sweden. Mjini Lund, kusini mwa nchi, watafiti waliofuatilia wagonjwa wote wapya wa kiharusi waligundua kwamba kiwango cha ugonjwa huo kilishuka kwa takriban theluthi moja kati ya mwaka 2001 na 2016. Kwa nchi nzima, idadi ya wagonjwa kwa mwaka, iliyokuwa ikikadiriwa kuwa 30,000 mwanzoni mwa karne hii, imeteremka hadi karibu 25,000. Upungufu huo umetokea ingawa wakaazi wameongezeka na wazee wamekuwa wengi zaidi kuliko zamani.

Sababu zinazotajwa ni kadhaa. Shinikizo la damu linapimwa na kutibiwa mapema. Dawa za kupunguza kolesteroli zinatumika sana. Uvutaji wa sigara umepungua kiasi kwamba chini ya asilimia 10 ya watu wazima wa Sweden ndio wanaovuta kila siku. Kupungua huko kwa sigara kuna uzito wa pekee katika aina ya tatu ya kiharusi, kwa kuwa moshi wa tumbaku ni miongoni mwa mambo yanayochangia zaidi kutuna na kupasuka kwa ateri za ubongo.

Damu inayovuja uzeeni

Kuhusu damu kuvuja ndani ya ubongo, mambo si mepesi kama hayo. Utafiti wa mjini Oxford, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2007, ulilinganisha miaka ya mwanzo ya 1980 na miaka ya mwanzo ya 2000. Ulionesha kwamba uvujaji unaotokana na shinikizo la damu ulikuwa umepungua. Lakini miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 75 na zaidi jumla yake haikupungua, kwa sababu uvujaji unaohusiana na dawa za kuzuia damu kuganda ulikuwa umeongezeka.

Maelezo yake ni haya. Mtu akiishi hadi uzeeni, kuta za mishipa yake ya ubongo zaweza kujengeka utando wa protini unaozifanya ziwe dhaifu. Wakati huo huo, moyo wake waweza kuanza kupiga bila ya mpangilio, na madonge ya damu yanayotokea humo yakamletea kiharusi cha kuziba. Daktari humpa dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo humkinga na aina moja ya kiharusi, lakini huongeza hatari ya aina nyingine. Kwa miaka mingi dawa hiyo ilikuwa warfarini, inayohitaji damu ya mgonjwa kupimwa mara kwa mara. Tangu mwaka 2009 majaribio makubwa yameonesha kwamba dawa za kizazi kipya husababisha uvujaji mdogo zaidi wa damu kichwani, na sasa ndizo zinazotumika zaidi barani Ulaya.

Mkoa wa Stockholm umekuwa uwanja wa jaribio kubwa kuhusu suala hilo. Kuanzia mwaka 2012, katika utafiti uitwao STROKESTOP, wakaazi wote wa mkoa huo na wa mkoa wa Halland waliokuwa na umri wa miaka 75 au 76 waligawanywa kwa kura katika makundi mawili, na kundi moja likaalikwa kupimwa moyo. Waliohudhuria walipewa kifaa kidogo cha kushika mkononi, wakajipima mapigo yao nyumbani kwa wiki mbili. Waliogunduliwa kuwa na mapigo yasiyo na mpangilio walipendekezewa dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Viharusi vya aina zote, uvujaji mkubwa wa damu na vifo vilipojumlishwa pamoja, kundi lililoalikwa lilipata nafuu, ingawa ndogo.

Karibu nusu ya walioalikwa hawakufika, na mahudhurio yalikuwa duni zaidi katika maeneo ya watu wenye kipato kidogo na miongoni mwa wahamiaji. Katika awamu ya pili ya utafiti huo, vituo vya kupima vilisogezwa karibu na makaazi ya watu hao ndani ya Stockholm. Somo lake halihitaji ufafanuzi mrefu, kwani kipimo kisichomfikia mwenye kukihitaji hakiwezi kumsaidia, hata katika nchi tajiri.

Vijana hawakunufaika kwa usawa

Jambo jingine lililowashitua wataalamu wa Sweden linahusu umri. Mwaka 2013 Profesa Annika Rosengren wa Gothenburg na wenzake walichapisha uchambuzi wa viharusi vya kuziba kati ya mwaka 1987 na 2010. Wakati wazee walipokuwa wakipata nafuu, miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 18 hadi 44 ugonjwa huo uliongezeka kwa asilimia 1.3 kila mwaka kwa wanaume na asilimia 1.6 kwa wanawake.

Idadi ya wagonjwa vijana bado ni ndogo, na sehemu ya ongezeko hilo yaweza kutokana na picha bora zinazofichua viharusi vidogo. Pamoja na hayo, unene uliozidi na kisukari vimeenea miongoni mwa vijana wa mataifa mengi, na mtu anayepata kiharusi akiwa na miaka 40 huishi na ulemavu wake kwa miongo kadhaa.

Mashindano na saa

Kuijua aina ya kiharusi kungebaki kuwa elimu tu lau kusingekuwepo tiba. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya uliidhinisha kwa masharti dawa ya kuyeyusha donge la damu, ukitaka usalama wake ufuatiliwe. Kazi hiyo iliongozwa na Profesa Nils Wahlgren wa Karolinska. Wagonjwa 6,483 katika nchi 14 walifuatiliwa hadi mwaka 2006, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yakathibitisha kwamba dawa hiyo ni salama ikitumiwa ndani ya saa 3. Mwaka 2008 muda huo ulirefushwa hadi saa 4 na nusu. Mgonjwa anayevuja damu hapaswi kamwe kupewa dawa hiyo, na hapo ndipo picha ya CT inapokuwa ya lazima.

Mwaka 2015 majaribio kadhaa yalithibitisha kwamba donge kubwa laweza kunaswa na kutolewa kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya ateri kuanzia kwenye kinena. Tatizo likawa ni muda uliopotea pale mgonjwa alipopelekwa kwanza hospitali ya jirani isiyo na huduma hiyo. Kuanzia Oktoba 2017 mkoa wa Stockholm uliweka utaratibu mpya. Muuguzi ndani ya gari la wagonjwa huangalia iwapo mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea sana, kisha hushauriana kwa simu na daktari wa Karolinska. Ikishukiwa kwamba ateri kubwa imeziba, mgonjwa hupelekwa huko moja kwa moja. Katika mwaka wa kwanza muda kati ya kuanza kwa dalili na kuanza kwa tiba hiyo ulipungua kwa zaidi ya saa nzima.

Kutoka Stockholm hadi Dar es Salaam

Je, mambo haya yanawahusu vipi wakaazi wa Afrika Mashariki? Kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti wakiongozwa na Profesa Richard Walker wa Uingereza, pamoja na wenzao wa Tanzania, walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika sehemu mbili: wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, na maeneo ya jiji la Dar es Salaam. Walipatikana wagonjwa 636. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, kiwango kwa mwaka kilikuwa wagonjwa 108.6 katika kila watu 100,000 wilayani Hai, na 315.9 jijini Dar es Salaam. Kiwango hicho cha mjini kiliyapita mataifa mengi tajiri.

Utafiti uliofuata, wa mwaka 2013, ulitaja miongoni mwa vyanzo shinikizo la juu la damu, sigara, kisukari na virusi vya Ukimwi. Kwa ufupi, jiji lilikuwa limepokea maradhi ya maisha ya mjini kabla ya kupata zahanati za kuyazuia.

Watafiti wengine waliwauliza watu wa sehemu hizo mbili wanadhani kiharusi kinatokana na nini. Matokeo yao ya mwaka 2008 yaliwashangaza wengi. Wanavijiji wa Hai walitaja zaidi shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Ni wakaazi wa Dar es Salaam walioelekea zaidi kutaja majini na uchawi. Anayeamini kwamba amepigwa na jini humwendea mganga kwanza, na saa 4 na nusu zile hupita bila ya kurudi.

Kutokana na hayo yote, safari ya Stockholm ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya mafanikio haikuletwa na mashine za gharama. Ililetwa na kipimo cha shinikizo la damu, vidonge vya kila siku na kupungua kwa sigara, mambo ambayo zahanati ya kawaida ya wilaya yaweza kuyasimamia iwapo dawa hazikosekani. La pili ni kwamba Sweden iliyajua mabadiliko hayo kwa sababu iliwahesabu wagonjwa wake, na kuandika aina ya kiharusi cha kila mmoja. Pasipo hesabu hiyo, wizara ya afya haiwezi kujua iwapo fedha zielekezwe kwenye dawa za shinikizo, kwenye vipimo vya moyo, au kwenye mashine za picha.

Kwa msikilizaji mmoja mmoja, mambo ya kukumbuka ni machache. Shinikizo la damu haliumi wala halina dalili kwa miaka mingi, na kulijua kunahitaji kulipima. Uso ukienda upande mmoja, mkono ukashindwa kuinuka, au maneno yakivurugika kwa ghafla, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama dalili hizo zitatoweka baada ya muda mfupi. Asipewe aspirini nyumbani kabla ya kupigwa picha, kwa kuwa hakuna aliye nyumbani anayeweza kujua kama mshipa umeziba au umepasuka. Na saa ambayo dalili zilianza ni vyema ikaandikwa, kwani daktari ataiuliza.